Tupeane uzoefu: lini mwili wako ulikuwahi kabla hujajua?

Mwalimu wa Chake: Asalaam aleikum ndugu zangu. Nasomesha baiolojia skuli moja hapa Chake Chake. Tumefika mada ya refleksi, yaani mwili kuitika wenyewe kabla hujafikiri, na watoto wanakariri mchoro tu. Nataka visa vya kweli, vya watu wa hapa hapa visiwani, niwapelekee.

Kwa aliyesahau: ukigusa sufuria ya moto, neva ya hisi hupeleka habari kwenye ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo. Hapo hapo neva nyengine hurudi na amri, msuli unakaza, mkono unaondoka. Habari ile huendelea kupanda ubongoni, lakini ikifika, mkono ushatoka zamani. Ndio maana moto tunausikia baadaye. Haya, semeni.

Bi Mwani (Jambiani): Aleikum salaam. Bahari imekupwa, niko kwenye kamba zangu za mwani, nimejitwika kiroba. Nikakanyaga yule mdudu mweusi wa miba mirefu. Mguu wa kulia ulipanda wenyewe, wallahi sikuuamrisha. Lakini kilichonishangaza ni ule wa kushoto. Ulikaza kama nguzo, sikuanguka, na kiroba hakikumwagika. Uchungu ndio ukaja, tena mara mbili: kwanza mchomo mkali, halafu ule wa kupwita uliokaa mpaka usiku.

Mwalimu wa Chake: Bi, umenipa somo zima. Mguu mmoja ukikunjwa kwa maumivu, ugwe wa mgongo hupeleka amri ya pili upande wa pili: nyooka, beba uzito. Na katika mguu ule uliopanda, misuli ya kukunja ilikaza huku ile ya kunyoosha ikiambiwa ilegee, maana zote zikivutana mguu hauendi popote. Charles Sherrington wa Uingereza alitumia miaka mingi kuchunguza mambo haya, na mwaka 1932 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Edgar Adrian.

Uchungu mara mbili nao una sababu. Mchomo wa kwanza hupita kwenye neva zilizovikwa utando wa mafuta, mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Ule wa kupwita hupita kwenye neva nyembamba zisizovikwa, kiasi cha mita 1 kwa sekunde. Kutoka wayo hadi kichwani ni safari.

Kijana wa Wete: Mimi daktari alinigonga chini ya goti kwa kinyundo. Nikajitahidi kuuzuia mguu, ukaruka vile vile. Kisha akaniambia nifumbate vidole vya mikono miwili nivute kwa nguvu, akagonga tena, ukaruka zaidi!

Mwalimu wa Chake: Ndivyo wanavyofanya mguu ukiwa mzito kuitika. Kinyundo huuvuta ghafla msuli wa mbele ya paja, nao hujibu kwa kukaza.

Mama Mchanga (Mwera): Mwanangu ana wiki chache. Nikimlaza tu anatupa mikono yote miwili, anafungua vidole, kisha anaikusanya kifuani na kulia. Bibi yake anasema kashtuliwa, afukizwe. Nina wasiwasi.

Nesi wa Mkoani: Mama, hiyo ni refleksi ya Moro, kwa jina la daktari Ernst Moro. Watoto wachanga wazima wote wanayo, na hupotea baina ya mwezi wa 4 na wa 6. Akihisi kichwa kinakwenda nyuma anadhani anaanguka. Mlaze polepole, mshike kichwa. Ila akitupa mkono mmoja tu na mwengine haunyanyuki, mpeleke kituo cha afya, usingoje.

Bint Fumba: Changu si cha mguu kuruka. Ni cha mguu usioruka. Baba yangu ana kisukari cha miaka mingi. Alikuwa barazani akimmenyea mjukuu wake chungwa, karibu na jiko la mkaa. Harufu ndiyo iliyotushtua. Kaa lilikuwa chini ya kisigino chake na yeye anaendelea kumenya, uso mkunjufu kabisa. Hakuutoa mguu mpaka nilipouinua mimi.

Nesi wa Mkoani: Pole sana dada, na mzee Mungu amponye. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva, na huanza na zile ndefu zaidi, ziendazo miguuni. Msuli wake unafanya kazi, ugwe wake mzima, ila habari haifiki, basi na amri haitoki. Kliniki muombe mpimaji mambo mawili: agonge ule mshipa mgumu (kano) wa nyuma ya kisigino, na amguse nyayo kwa ule uzi wa nailoni wa kupimia hisi, mzee akiwa kafumba macho. Kwa mtu mzima sana kisigino kutoitika peke yake si hukumu, huweza kuwa umri. Uzi asiousikia ndio wa kushughulikiwa. Nyumbani mtazameni nyayo kila siku, hadi baina ya vidole, na asitembee pekupeku.

Mwalimu wa Chake: Bint Fumba, kwa idhini yako kisa hiki nitakipeleka darasani bila kutaja mtu. Watoto wengi pale wana babu na bibi wenye kisukari. Wachumaji wa karafuu sijawasikia bado: tawi likikatika, mkono unashika kabla hujafikiri? Njooni mseme.