Eti kuku wangu ndio wanaowasha taa! Huyu muuza taima leo amenivuruga

Mfugaji_Chanika:
Wakuu, nimetoka Kariakoo sasa hivi, naandika nikiwa kwenye daladala na mikono inatetemeka kwa hasira. Jina simtaji. Yule wa vifaa vya umeme, wa kikokotoo shingoni, mnamjua. Kama hajakuuzia wewe taima ya hovyo, basi kamuuzia shemeji yako.

Nina banda la kuku wa mayai. Kuku wa mayai anataka mwanga wa saa 16 kwa siku, na jua letu linatoa 12 hivi. Nikanunua taima kwake iwashe taa saa kumi alfajiri na nyingine zijazie jioni mpaka saa mbili usiku. Balbu zote LED za wati 5. Usiku mnene naenda bandani, taima inaonyesha imezima, balbu zinapepesa! Kuku macho kodo, wanapandana, jogoo wa jirani naye kachanganyikiwa anawika saa tano. Kuna mtetea aliniangalia utadhani namdai kodi ya pango.

Leo nimeirudisha. Nimemweleza taratibu, na shikamoo nimempa japo hanizidi umri. Jamaa akapaza sauti ya mnadani: "Mama, kuku wako ndio wanaowasha taa." Duka zima likaangua kicheko! Muuza kahawa aliyekuwa anapita njia akatua birika chini ili acheke vizuri. Kisha ananionyesha kibao: mali ikiuzwa hairudishwi.

Kuku wangu. Wanawasha taa. Mbele za watu!

Kinyozi_Temeke:
Mama, kabla hatujamhukumu mtu, umewahi kuwauliza hao kuku? 😂😂

Mfugaji_Chanika:
Wewe kinyozi usinichokoze. Nimesema niko kwenye daladala na nina hasira.

Chura_Mkavu:
Labda uliseti 10:00 ukidhani ndiyo saa kumi alfajiri. Mama mdogo alifanya hivyo, taa za uani zikawa zinawaka saa nne asubuhi na usiku giza tupu.

Mfugaji_Chanika:
Nimeseti 04:00! Soma uzi. Tatizo si saa, taa zinapepesa IKIWA IMEZIMA. Na tatizo kubwa ni kuambiwa kuku wangu wanabonyeza swichi.

Fundi_Laivu:
Mama, pole. Hiyo taima ina waya mbili tu, haina nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, sivyo? Taima ya namna hiyo hata ikizima inahitaji umeme kidogo wa kuendesha saa yake, na umeme huo inaupitisha kwenye balbu. Zamani ukiwa na balbu ya wati 60 hakuna kinachoonekana, maana umeme kiasi hicho hauwezi kuupasha moto waya wa ndani. LED ina kapasita ndani, kifaa kidogo cha kutunza umeme. Inajaa polepole, ikijaa balbu inamweka, inaisha, inaanza kujaa tena. Ndiko kupepesa kwenyewe. Nunua taima yenye sehemu ya nyutro, uvute waya wa nyutro mpaka hapo. Na fundi wako ahakikishe swichi inakata laivu, waya unaoleta umeme. Ikikata nyutro, balbu itabaki na umeme na inaweza kupepesa vilevile, tena ukibadilisha balbu utapigwa shoti.

Mfugaji_Chanika:
Asante, mwanangu. Waya mbili kweli. Sasa hayo si angeniambia YEYE? Sentensi moja tu! Badala yake kuku wanawasha taa, na muuza kahawa kacheka mpaka kikombe kimemwagika.

BintiMbagala:
Afadhali wewe zinapepesa, mimi zimegoma kuzima kabisa. Taima imeandikwa ampea 16, nikaifungia taa za ukuta mzima wa frem. Sasa zinawaka mchana na usiku, luku inakwisha kama maji ya bomba lililopasuka.

Fundi_Laivu:
Dada, hizo ampea 16 ni za mzigo kama hita au pasi. Taa nyingi za LED zikiwaka kwa pamoja zinavuta umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua, na ncha za rilei, ile swichi ndogo ndani ya taima, zinaungua na kugandana. Hapo hata ukibonyeza vipi haizimi. Weka kontakta, yaani swichi kubwa inayoendeshwa na umeme, taima iiwashe kontakta, kontakta ndiyo ibebe taa.

Chura_Mkavu:
Ya kwangu ni ile ya kuzungusha, yenye vipini vya dakika 15. Umeme ukikatika na saa inasimama. Juzi wamekata, taa za nje zimewaka saa sita mchana, mke wangu ananiuliza kama nimeanza kulewa.

BintiMbagala:
Na kukata wanakata! Huku kwetu jana wamekata mara tatu, friji imezima, samaki wote nimemwaga.

Mfugaji_Chanika:
Jamani, turudi kwa huyu wa kikokotoo. Mtu mzima ananiambia KUKU...

Mzee_wa_Pumba:
Samahani, mama, hao kuku unawalisha nini? Mimi wangu wanataga mayai ganda laini kama karatasi.

Kinyozi_Temeke:
Waongezee chokaa ya mifugo, mzee. Chakula cha siku hizi kimejaa mchanga.

Mzee_wa_Pumba:
Mchanga! Sema tena! Nimefungua mfuko wa jana nusu ni vumbi, na bei kapandisha.

BintiMbagala:
Unanunua wapi? Si yule wa karibu na mizani? Huyo hata samaki zangu angeziuzia mchanga.