Pumzi na dozi hazipigiwi kura: nimechoshwa na "kila mtoto ni tofauti"

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Mzazi akiuliza swali la mtoto mchanga, majibu yanamwagika, na mengi ni yale yale: "kila mtoto ni tofauti", "wataalamu wenyewe hubadilika kila kukicha", "sisi tulilazwa kifudifudi na tuko hai". Aliyeuliza anabaki na majibu kumi yanayogongana, anachukua lile lililompoza moyo, basi, imetoka hiyo.

Tofautianeni mpendavyo kuhusu saa ya kuoga, kuhusu wimbo wa kulalia, kuhusu mtoto aanze lini kukalia poti. Huko hafi mtu. Ninachokataa ni kuchukua jambo la njia ya hewa, au la miligramu za dawa, kulitia kapu moja na la poti, kisha tunahesabu nani ana wafuasi wengi.

Tuanze na kulala, maana hapa ndipo upotoshaji umekithiri. "Ukimlaza chali atapaliwa na matapishi." Hebu tuitazame shingo ya mtoto kwa ndani. Kuna mirija miwili. Wa hewa uko mbele, upande wa koo unaoushika kwa vidole. Umio, unaopitisha maziwa, uko nyuma yake, umeegemea uti wa mgongo. Mtoto akilala chali, mrija wa hewa unakuwa juu na umio unakuwa chini. Maziwa anayocheua yanapanda na umio, na ili yaingie kwenye hewa yatabidi yapande tena juu. Hayapandi. Anayameza, au yanamtoka pembeni mwa mdomo. Sasa mgeuze kifudifudi: umio umekuwa juu, mlango wa hewa uko chini yake, na kila anachocheua kinateremkia huko kwa uzito wake. Ongeza na pua iliyozama kwenye godoro laini, anavuta tena na tena hewa ile ile aliyoitoa. Kulala ubavu hakusaidii, kwa sababu ni pozi lisilotulia, kidogo tu amebingirika kifudifudi.

Ndiyo, wataalamu walikosea katika hili, na walikosea vibaya. Kuanzia miaka ya 1950 vitabu vya malezi vilihimiza kifudifudi kwa hofu hiyo hiyo ya matapishi. Uingereza ikaanza kampeni ya kulaza chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga vikashuka Marekani kwa zaidi ya nusu. Mtu anaichukua historia hii anasema "si mnaona, hawaaminiki". Jamani, ushauri unaoutetea wewe ndio ule ule wa zamani uliowaponza! Na hilo la "mbona tuko hai", waliokufa hawapo hapa kuandika.

Kwa hiyo: chali kwa kila usingizi, wa mchana na wa usiku, mpaka atimize mwaka. Godoro gumu na bapa, shuka moja iliyobana. Mto usiwepo, blanketi lisiwepo, sponji za kuzungushia kitanda na wanasesere wa manyoya viondoke. Mwinuko usizidi nyuzi 10. Viti vya kubembea na vile vilivyoinama si mahali pa usingizi: kichwa cha mtoto ni kizito na shingo haina nguvu, kidevu kinaangukia kifuani, na mrija wa hewa, ambao kwa umri huo ni laini na mwembamba, unakunjika kimyakimya bila hata kikohozi. Akisinzia humo, mtoe umlaze bapa. Akishaweza kujigeuza mwenyewe pande zote mbili, utaendelea kumlaza chali, lakini akigeuka usingizini muache. Kumviringisha nguo kunakoma siku unapoona dalili ya kwanza ya kujigeuza. Kifudifudi chake ni akiwa macho na wewe unamtazama, na hapo anakihitaji kweli, kwa ajili ya shingo na mabega.

La pili, dawa ya homa. Nimeona jibu linalosema "mpe kijiko kimoja, wangu nilimpa hivyo". Kijiko kimoja cha nini? Parasetamoli ya maji ipo ya miligramu 120 kwa mililita 5, ipo ya 250 kwa mililita 5, na yapo matone yenye miligramu 100 ndani ya mililita moja tu. Dozi hupigwa kwa kilo: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 8, kwa kiwango cha juu cha 15, anapata miligramu 120. Hiyo ni mililita 5 za ile ya kwanza, mililita 2.4 za ile ya pili, mililita 1.2 za matone. Mpe huyo mtoto "kijiko" cha mililita 5 kutoka chupa ya pili umempa zaidi ya dozi mbili. Mpe mililita 5 za matone, umempa miligramu 500, zaidi ya dozi nne kwa mkupuo, na ini ndilo linaloumia, tena dalili zinaweza kuchelewa kuonekana. Soma namba kwenye chupa iliyo mkononi mwako na upime kwa bomba la kupimia dawa. Vijiko vya jikoni havilingani.

La tatu, maziwa ya kopo, ambako wazazi wanagombana "mazito yanashibisha" na "mepesi hayafungi choo". Hakuna uzito wa kuchagua hapa. Kuna makopo ambayo kijiko chake kimoja ni cha mililita 30 za maji, na mengine ni cha mililita 60. Anayehama kopo akabaki na kijiko cha zamani, au na hesabu ya zamani, amekosea mara mbili nzima. Maji yanatangulia kwenye chupa, yapimwe kwa mstari chupa ikiwa juu ya meza na macho yakiwa usawa wa mstari, ndipo unga unaingia, kijiko kikiwa kimesawazishwa kwa kisu bila kushindiliwa. Ukitanguliza unga kisha ukajaza maji mpaka mstarini, unga umeshachukua nafasi ya maji, na mchanganyiko umekuwa mzito kuliko ulivyokusudiwa. Mazito humkausha mtoto maji na kupandisha chumvi ya damu. Mepesi humnyima chakula, na yakizidi kuwa mepesi chumvi ya damu inashuka mpaka degedege. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayozuia maji matupu kabla ya miezi 6, haijalishi joto: figo zake hazijaweza kuyatoa kwa kasi hiyo. Ana kiu, anyonye.

Joto la maji ya kuchanganyia, hapo nakubali mabishano yana msingi. Shirika la Afya Duniani linataka yasipungue nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe si safi kabisa na huweza kubeba bakteria. Kuna makopo yanayoelekeza maji ya vuguvugu. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, au aliyezaliwa njiti, au mwenye kinga dhaifu, shika 70: chemsha, acha yapoe yasizidi dakika 30, changanya, kisha ipoze chupa kwa maji ya bomba mpaka tone kwenye kifundo cha mkono lisikuunguze. Yaliyotengenezwa yakakaa nje saa 2, mwaga.

Sasa wataalamu, nanyi msijifiche nyuma ya mabango yenu. Fujo hii mmeichangia. Mnatoa amri bila sababu, na amri ikibadilika hamsemi kwa nini. Karanga ni mfano wa wazi. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri watoto walio katika hatari ya mzio wasiguse karanga hadi miaka 3. Mwaka 2008 ushauri ukaondolewa. Mwaka 2015 utafiti wa London uliofuatilia watoto 640 ukaonyesha kwamba walioanza kula karanga wakiwa na miezi 4 hadi 11 walipata mzio wa karanga kwa kiasi cha asilimia 80 pungufu ya waliozuiwa. Ushauri uligeuka kichwa chini miguu juu! Mzazi aliyemnyima mtoto wa kwanza kwa utiifu, leo anaambiwa ampe wa pili, na hakuna aliyekaa naye dakika tano kumweleza kwamba ule wa mwanzo ulikuwa wa tahadhari tu, haukuwa umepimwa. Unadhani atawaamini tena?

Na hata mnapomwambia "mpe karanga", hammwambii vipi. Vijiko 2 vya chai vya siagi laini ya karanga, koroga na vijiko 2 au 3 vya maji ya moto mpaka ilegee kama uji, ipoe. Onjesha kwa ncha ya kijiko, subiri dakika 10 ukimtazama midomo, ngozi na pumzi, ndipo aendelee. Akiivumilia, mara 3 kwa wiki. Mwenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, daktari kwanza. Siagi nzito isiyolegezwa hunata kooni, na karanga nzima hapewi chini ya miaka 4. Kumwambia mzazi neno moja "mpe" ni kumtuma kwenye hatari nyingine.

Kutembea nitapita haraka. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vinaonyesha watoto wazima huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na 17 na kitu, na wapo wachache wazima kabisa wasiotambaa. Acheni kutishana. Vigari vya magurudumu vya kumtumbukiza mtoto ili atembee havimharakishi, vinamfikisha kwenye ngazi na jiko kabla hujageuka. Canada ilivipiga marufuku mwaka 2004.

Asali kabla ya mwaka mmoja, hapana, hata ikipikwa. Mbegu za bakteria zilizomo haziuliwi na sufuria ya nyumbani.

Jibu la kwanza

Umesema kweli, lakini umeruka jambo ambalo amri isiyo na sababu inaua: kulala na mtoto kitanda kimoja. Marekani wanakataza. Uingereza wanamweleza mzazi hatari na jinsi ya kuzipunguza. Mama anayeambiwa "usithubutu" tu, saa nane usiku anahamia kwenye kochi kunyonyesha ili asisinzie kitandani, halafu anasinzia kwenye kochi, na kochi ni hatari kuliko kitanda mara nyingi, maana mtoto anateleza kati ya mwili na mto. Mwambieni wazi kwamba kama usingizi unakuja, bora kitanda kilichoondolewa mito na mablanketi upande wa mtoto, na ukizinduka mrudishe kwake. Kitanda kimoja hakifai kabisa akiwa njiti au alizaliwa chini ya kilo 2.5, au mzazi yeyote anavuta sigara, amekunywa pombe au dawa ya kusinzisha.

Jibu la pili

Ugomvi wa mtoto kuanza chakula, "miezi 4 au 6", nao umekosa maelezo. Miezi 6 ndiyo kauli ya Shirika la Afya Duniani tangu 2001. Miezi 4 inatajwa na wataalamu wa mzio kwa kundi dogo lililo hatarini. Sio wote wanaojibu swali moja. Mtazame mtoto: anaikaza shingo, anakaa akishikiliwa kidogo, ulimi hausukumi tena kijiko nje. Kinachoniudhi mimi ni uji mwepesi. Tumbo lake linabeba kama mililita 30 kwa kilo, yaani 240 kwa mtoto wa kilo 8. Ukilijaza maji yenye unga kidogo ameshiba bila kula. Uwe mzito, ung'ang'anie kijiko kikiinamishwa. Na ndani ya wiki hizo za mwanzo apate nyama iliyosagwa, ini au yai, kwa sababu akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inaisha karibu na miezi 6 na maziwa ya mama hayana ya kutosha kuifidia.

Jibu la tatu

Homa wakati wa kuota meno je? Na kumkanda kwa maji baridi? Kila mtu anasema lake. Na akitapika dawa, nimrudishie?

Mwanzisha uzi

Meno yanaleta udenda, fizi kuvimba, kukasirika. Homa ya 38 na kuendelea haitoki kwenye meno, itafutiwe chanzo. Akiwa chini ya miezi 3 na kipimajoto kikasoma 38, usimpe dawa ukasubiri asubuhi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Jeli za kufisha ganzi fizi zenye benzokaini hazipewi chini ya miaka 2, huharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni.

Maji baridi hubana mishipa ya ngozi, joto linafungiwa ndani, mtoto anatetemeka, na kutetemeka kunazalisha joto jingine. Spiriti ni mbaya zaidi, inapenya ngozi. Mpunguze nguo, anyonye mara kwa mara.

Akitapika dozi ya parasetamoli kabla ya dakika 30 kupita, rudia dozi ile ile mara moja. Zikishapita dakika 30, usirudie, subiri zamu inayofuata. Andika saa uliyompa, mahali ambapo anayemlea mwenzako ataiona kabla hajaifungua chupa.