Utafiti wa endometriosisi Nakuru na Kisumu: nani apelekwe laparoskopia?

kliniki_nakuru
Hamjambo madaktari na wenzangu. Tunaandaa pendekezo la utafiti wa endometriosisi (tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje yake) kwa kliniki moja ya hapa Nakuru na nyingine ya Kisumu. Walengwa ni wanawake wa miaka 18 hadi 45 wenye maumivu makali ya hedhi, maumivu wakati wa tendo la ndoa, au maumivu ya chini ya kitovu yaliyopita miezi 6. Wengi huwa wametibiwa maambukizi ya kizazi mara tatu, mara nne, antibiotiki juu ya antibiotiki. Tunataka kujua altrasaundi ya ukeni inagundua endometriosisi kwa kiasi gani ikilinganishwa na laparoskopia, yaani upasuaji wa kuchungulia tumbo kwa kamera kupitia tundu dogo. Kwa kuwa nafasi za thieta ni chache, rasimu inasema laparoskopia wafanyiwe wale ambao altrasaundi imeonyesha kitu, na wachache tu kati ya waliobaki. Kuna shida hapo? Na CA-125, kile kipimo cha damu, tuiweke? Dawa je, ipi ina ushahidi na inapatikana huku?

daktari_ksm
Shida ipo, tena kubwa. Chukua hesabu ya mfano tu: wanawake 100, wenye ugonjwa ni 60, altrasaundi imewaona 24. Uwezo wake wa kugundua ni asilimia 40. Sasa mkiwapeleka thieta hao 24 na 8 tu kati ya wale 76 walioonekana wazima, mtakuta ugonjwa kwa kama 4. Mtaandika 24 kati ya 28, asilimia 86. Wale 32 ambao hamkuwaona wamerudi nyumbani na ugonjwa wao, na karatasi yenu inasifu kipimo.

Anzieni upande wa pili. Waandikisheni wanawake ambao tayari wako kwenye foleni ya laparoskopia kwa sababu ya maumivu au kukosa mtoto, kisha wote wapigwe altrasaundi kabla ya upasuaji. Hakuna atakayepasuliwa kwa ajili ya utafiti, na kila mmoja atakuwa na majibu mawili. Kubalini tu kwamba matokeo yatawahusu wanawake wa aina hiyo, si kila anayefika zahanati akiumwa tumbo.

Mpasuaji aangalie nyonga yote na kujaza fomu kwanza, ndipo afungue bahasha ya altrasaundi. Isipokuwa altrasaundi imeona kinundu kwenye utumbo: huyo lazima ajulikane mapema ili upasuaji upangwe, na muandike kwamba mpasuaji alijua. Fomu msibuni zenu, tumieni za EPHect, mradi wa kimataifa wa kusawazisha takwimu na sampuli za endometriosisi, ili takwimu zenu zilinganishwe na za kwingine.

Vipande vya tishu vya kupeleka maabara vikatwe kabla ya kuchoma kwa umeme, kwa sababu kilichochomwa hakisomeki. Kila sehemu iwe na chupa yake, formalini asilimia 10, ujazo wake angalau mara kumi ya kipande. Mwanapatholojia anatafuta tezi pamoja na stroma (tishu inayozizunguka), na katika kipande kidogo huenda asivione. Jibu la hapana kutoka maabara halifuti kilichoonwa kwa macho.

CA-125 iacheni. Hupanda kwa maambukizi ya nyonga, kwa kifua kikuu cha tumbo, hata kwa hedhi yenyewe. Mwongozo wa 2022 wa ESHRE, chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, unakataa kuitumia kutambua ugonjwa huu. Mwongozo huohuo umeondoa laparoskopia kwenye nafasi ya kipimo cha lazima, kwa hiyo mgonjwa wa kawaida asicheleweshewe dawa eti anasubiri thieta.

sono_kisumu
Naongeza upande wa altrasaundi, maana hapo ndipo tafiti nyingi hulegea. Kuangalia mfuko wa uzazi na ovari na kuandika "kawaida" hakutoshi. Makubaliano ya 2016 ya IDEA, kundi la kimataifa la wataalamu wa altrasaundi ya endometriosisi, yana hatua nne. Kwanza, mfuko wa uzazi na ovari: endometrioma, yaani uvimbe wa endometriosisi kwenye ovari, huonekana kama kioo chenye ukungu, lakini uvimbe wa damu unaweza kufanana nao, basi rudieni kipimo baada ya wiki 6 hadi 12. Pili, gusa kwa probu: wapi panauma, na je, ovari inasogea au imeganda? Tatu, alama ya kuteleza: sukuma shingo ya kizazi taratibu kwa probu uone kama utumbo wa mwisho unateleza nyuma yake, kisha weka mkono wa pili juu ya tumbo, usukume mfuko wa uzazi uone kama utumbo unateleza pia sehemu ya juu. Ukigoma sehemu mojawapo, nafasi ya Douglas, iliyo kati ya mfuko wa uzazi na utumbo wa mwisho, imezibwa. Nne, tafuta vinundu kwenye kibofu, kano za uterosakra (zinazoshika mfuko wa uzazi kwa nyuma) na ukuta wa utumbo. Kibofu kiwe na mkojo kidogo, si kitupu kabisa.

Madoa ya juujuu ya peritonea, utando unaofunika ndani ya tumbo, kwa kawaida hayaonekani kwa altrasaundi, hata ukiwa hodari. Matokeo yatenganishwe: endometrioma, ugonjwa uliozama ndani ya tishu, na wa juujuu. Ambaye hajawahi kufanya ngono asiingizwe probu. Huyo apimwe kwa juu ya tumbo au kwa MRI.

mfamasia_kakamega
Upande wa dawa: jaribio la PRE-EMPT la Uingereza, lililochapishwa 2024, liliwapima wanawake 405 waliokwisha pasuliwa kwa endometriosisi. Sindano ya DMPA (ile ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu) au kitanzi chenye homoni ya levonorgestreli vililinganishwa na vidonge vyenye estrojeni. Baada ya miaka 3 maumivu yalipungua karibu sawa pande zote. Hiyo ni habari nzuri kwetu, kwa kuwa sindano ya miligramu 150 kila miezi 3 ni kitu ambacho vituo vyetu vimezoea. Lakini anayetafuta mtoto asipewe: homoni hizi hazimsaidii kushika mimba, na baada ya sindano ya mwisho uzazi unaweza kuchelewa miezi kadhaa.

Daftari liulize pia dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya VVU hushusha kiwango cha dienogesti (kidonge cha homoni cha endometriosisi) na cha homoni ya vipandikizi. Msipoziandika, mtadhani homoni imeshindwa kumbe imeyeyushwa na ini. Dolutegraviri, dawa nyingine ya VVU, haina tatizo hilo.

kliniki_nakuru
Asanteni sana. Na ambaye tayari anachomwa sindano ya miezi mitatu, tumwache nje?

daktari_ksm
Aingie, ila andikeni tarehe ya sindano ya mwisho na mchanganue kundi lake peke yake. Homoni hufifisha vidonda, na sampuli yake ya damu, mkiichukua kwa utafiti, haifanani na ya asiyetumia. Idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi) ziombwe kabla ya mgonjwa wa kwanza, na mkigeuza kuwa jaribio la dawa, Bodi ya Famasia na Sumu pia.