Naomba ushauri: mwanangu ana kigugumizi na upimaji wa darasa la pili umekaribia

Wakuu, habari zenu. Kijana wangu ana miaka 8, yupo darasa la pili. Kusoma anajua, lakini akiambiwa asimame asome peke yake, neno la kwanza linakwama. Wenzake wanacheka, mwalimu anammalizia sentensi (kwa nia njema, najua), basi anakaa. Ajabu ni kwamba darasa zima likisoma kwa pamoja, au wakiimba, hakwami kabisa.

Sasa kwenye upimaji, Kusoma ni kwa sauti, mtoto mmoja mmoja. Naogopa ataandikwa hajui kusoma. Kuna aliyewahi kuomba mtoto aongezewe muda? Ulianzia kwa mwalimu wa darasa au mwalimu mkuu? Barua ya daktari inahitajika?

Bibi yake anasisitiza akakatwe udata (kile kinyama cha chini ya ulimi). Sitaki kusikia, ulimi anautoa vizuri tu, na kigugumizi hakitokani na udata. Masikio tulishapima, yako sawa.

Nipo Singida. Muhimbili wapo wataalamu wa tiba ya matamshi, ila nauli ya kwenda kila mara siiwezi. Dodoma je, yupo? Na wakati tunasubiri, nyumbani tufanye nini?