Naomba ushauri: ninaandika maisha ya Pat Morita, na lafudhi yake imenikwamisha

Bintimwalimu

Wanajamvi, shikamoo kwa wakubwa na salamu kwa wengine wote. Ninaandika makala ndefu kuhusu Noriyuki "Pat" Morita, mwigizaji wa Kimarekani mwenye asili ya Kijapani ambaye wengi wetu tulimfahamu kwa jina la Miyagi, mzee anayemfundisha kijana karate katika filamu ya The Karate Kid ya mwaka 1984. Habari ninazo za kutosha. Tatizo ni kwamba kila ninapofuta na kuandika upya, naona ninamdhulumu mtu huyu.

Kinachonisumbua zaidi ni lafudhi. Morita alizaliwa mwaka 1932 katika mji mdogo wa Isleton, California, na Kiingereza chake kilikuwa kile kile cha majirani zake. Kiingereza cha kukatika-katika tulichomsikia nacho Miyagi alikiigiza. Katika rasimu ya kwanza niliyaandika maneno ya Miyagi kwa Kiswahili kibovu ili msomaji aisikie tofauti hiyo. Nilipomsomea mdogo wangu, alicheka pale pale nilipotaka anyamaze, kwa sababu masikioni mwake ilikuwa sauti ya Mhindi mwenye duka wa kwenye vichekesho. Nilifunga daftari.

Jambo jingine ni kambi. Mwezi Februari 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, Rais Roosevelt alitia saini amri iliyowezesha watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa kuzaliwa, kuondolewa majumbani na kufungiwa kambini, na Morita alikuwa mmoja wao akiwa mtoto. Nikiandika "kambi ya wakimbizi" nitakuwa nimesema uongo, na nikiandika "kambi ya mateso" msomaji atawaza kambi za Hitler. Nitumie neno gani? Tena kuna suala la pombe, ambayo ilimtesa kwa miaka mingi. Je, niitaje au nimsitiri marehemu?

MzeeWaKanda

Marahaba, binti yangu. Kabla ya lafudhi, nakushauri uanzie hospitalini. Morita alipata kifua kikuu cha uti wa mgongo akiwa na umri wa miaka 2, akalazwa kwa takriban miaka 9, kiwiliwili kikiwa kimefungwa plasta ngumu, na wazazi wake wakaambiwa kwamba hatatembea kamwe. Alifanyiwa upasuaji, akajifunza kutembea, na alipopata nafuu hakurudi nyumbani, maana nyumbani hapakuwa na mtu. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Mtoto wa miaka 11 aliyetoka kujifunza kutumia miguu yake alichukuliwa na afisa wa serikali, akapelekwa kambi ya Gila River, katika jangwa la Arizona. Fikiria, mwanangu: mtu amelala kitandani tangu hajui kusema vizuri, halafu safari yake ya kwanza ndefu inaishia nyuma ya ua wa kambi, na kosa lake ni sura ya babu zake.

Ukishayaeleza hayo, ndipo umfikishe msomaji kwenye ile sehemu ya filamu ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko mapigano yote. Daniel, yule kijana anayefundishwa karate, anaingia nyumbani kwa Miyagi na kumkuta amelewa, amevaa sare yake ya jeshi, anaadhimisha siku ya ndoa yake peke yake. Baada ya kumlaza, kijana anasoma karatasi iliyopo pale na kugundua kwamba mke wa Miyagi na mtoto wao walifariki wakati wa kujifungua katika kambi ya Manzanar, huku yeye akiwa vitani Ulaya na kikosi cha 442, kikosi cha Wamarekani wenye asili ya Kijapani. Anaiona nishani, anasimama mlangoni, anainama kwa heshima. Wakuu wa studio walitaka sehemu hiyo ikatwe kwa kuona inachelewesha hadithi, naye mwongozaji John G. Avildsen akaikatalia. Hapo Morita haigizi karate, ambayo kwa kweli hakuijua. Anaigiza jambo alilokulia ndani yake.

Mtunzi wa Nakuru

Dada, kuhusu kambi ninakushauri uandike "kambi ya kizuizini". Sisi huku Kenya neno hilo tunalo tangu miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, watu walipofungwa Manyani, Hola na kwingineko bila kusomewa shtaka wala kusimama mbele ya hakimu. Mambo hayo mawili hayafanani kwa ukatili, na usiyalinganishe katika makala. Lakini maana ya msingi ni moja, kufungwa bila kesi, na msomaji wa Kiswahili ataipata bila maelezo ya ziada. Taja pia kwamba mwaka 1988 serikali ya Marekani iliomba radhi kwa sheria na kuamua kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000, asije mtu akadhani kwamba ni malalamiko ya upande mmoja tu.

Shangazi Fasihi

Mpendwa, mdogo wako amekusaidia kuliko sisi sote. Kiswahili kibovu kina historia yake ya dhihaka, na huwezi kumkabidhi Miyagi bila kumkabidhi na dhihaka hiyo. Mwandikie sentensi fupi, sahihi, zenye uzito, kama za mzee asiyependa kupoteza maneno. Kisha, kwa sauti yako mwenyewe, eleza wazi kwamba katika filamu anasema Kiingereza cha mgeni, ilhali mwigizaji mwenyewe hakuwa mgeni.

Mzee wangu ameeleza vizuri, ila nisingependa machozi ya Manzanar yafunike jambo hili. Morita alianza uchekeshaji akikaribia miaka 30, baada ya kusaidia mgahawa wa familia huko Sacramento na kufanya kazi za ofisini, na jukwaani alitumia jina lililotokana na tusi walilotukanwa Wajapani. Alilichukua yeye kabla hajarushiwa. Mwaka 1975 alionekana kama Arnold, mwenye mgahawa katika tamthilia ya Happy Days, nako lafudhi ikawa kifaa cha kazi. Mtayarishaji Jerry Weintraub hakutaka hata kumfikiria kwa nafasi ya Miyagi kwa sababu alimjua kama mchekeshaji, hadi alipoona majaribio yake. Uandike kwamba lafudhi ile ilikuwa ufundi wa hali ya juu, na uandike pia kwamba ilikuwa karibu mlango pekee uliokuwa wazi kwake. Yote mawili ni kweli, usichague moja.

Na pombe uitaje. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye alifariki Las Vegas mwaka 2005 akiwa na miaka 73, wakati habari za ulevi wake hazikuwa siri kwa waliomzunguka. Aya moja inatosha.

MzeeWaKanda

Shangazi, nimekubali. Niongeze moja nililolisahau: aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kiume, na mwaka 1985 aliyeichukua ni Haing S. Ngor, daktari wa Kambodia aliyenusurika mikononi mwa Khmer Rouge, utawala katili wa nchini kwake. Kati ya wateule watano, wawili walikuwa wamewahi kuishi kambini bila kosa.

Bintimwalimu

Ninawashukuru sana. Nimekaa na daftari tangu alfajiri. Miyagi sasa anazungumza kwa ufupi na usahihi, neno "kizuizini" limeingia, na pombe imepata aya yake, karibu na mwisho. Nimemsomea tena mdogo wangu mwanzo mpya, naye safari hii aliuliza tu kama mtoto yule alifika akitembea. Mwanzo wenyewe ni huu:

"Alipofikisha miaka 11, Noriyuki Morita alisimama kwa miguu yake, na waliokuja kumchukua hawakuwa wazazi wake."