Amplifaya ya gitaa ya mtumba kwa roki na metali: nikague nini?

Ngamiani: Wakuu, nimeona amplifaya ya Marshall ya valvu (taa za kioo za kukuza sauti), wati 50. Nikague nini kabla ya kutoa hela?

Raskazone: Soma volti nyuma. Ya Marekani ni 120. Ukiichomeka kwenye 230 zetu bila transfoma ya kushusha, inaungua. Iwashe dakika 20, zungusha kila kitufe. Mkwaruzo mara nyingi ni vumbi na kutu ya hewa ya bahari, husafishika. Mvumo usioisha hata sauti ikiwa sifuri, shuku kapasita (vipande vya ndani vya kutunza chaji) zimechoka. Hapo kata bei.

Chumbageni: Usiiwashe bila spika, utaua transfoma ya kutolea sauti! Omu (ukinzani wa umeme) za amplifaya na spika zilingane, 8 kwa 8. Na kwa chumbani wati 50 za valvu ni kelele mno. Metali inataka geini (kukuza sauti hadi ikwaruze) na spika nzuri ya inchi 12.

Ngamiani: Ni ya 120. Transfoma ya ukubwa gani?

Raskazone: Wati 500, isichemke.