Mjadala: Jenerali Benedek alishindwa mwenyewe, au alibebeshwa mzigo wa wakubwa?

Mleta Mada:
Ndugu zangu, naomba tumjadili Ludwig von Benedek, jenerali wa Austria aliyepigwa na Waprussia pale Königgrätz, Bohemia (leo Ucheki), tarehe 3 Julai 1866. Alizaliwa mwaka 1804 mjini Ödenburg, Hungaria, mtoto wa daktari tena Mprotestanti, akaingia katika jeshi ambalo vyeo vya juu vilikuwa karibu mali ya makabaila Wakatoliki. Alipanda kwa jasho lake katika vita vya Italia: Mortara mwaka 1849, kisha San Martino Juni 1859, ambako aliwazuia Wapiedmont, Waitalia wa kaskazini, huku sehemu kubwa ya jeshi la Austria ikivunjika hapo jirani, Solferino. Miaka saba baadaye kila kidole kilimwelekea yeye. Mimi nasema alionewa. Hakulitaka Jeshi la Kaskazini, lile la kupigana na Prussia, kwa sababu uzoefu wake mkubwa wa vita ulikuwa Italia, na alisema wazi kwamba Bohemia haijui. Akashinikizwa akakubali, na jeshi la Italia, nchi aliyoijua kama kiganja chake, akapewa Albrecht wa ukoo wa Kaisari. Anayempinga na aje na hoja.

Mwalimu wa Zamu:
Hoja ninazo, kaka. Kukataa kwa mdomo na kupokea kwa mikono miwili si kukataa. Alipokwisha kupokea, mipango yote akamwachia Krismanić, ofisa wa unadhimu aliyependa kukaa juu ya kilima na kumngoja adui aje. Jeshi likakusanyika Olmütz, Moravia, mashariki ya Bohemia, likachelewa kuingia Bohemia, na majeshi ya Prussia yakavuka milima yakiwa yametengana, jambo ambalo jenerali mwingine angelishukuru kama zawadi, kwa kuwa angeweza kuyapiga moja baada ya jingine. Tarehe 28 Juni Benedek alifika mwenyewe Skalitz, akaliona jeshi la Mwanamfalme wa Prussia likitoka kwenye vipito vya milima, kisha akaamuru wanajeshi wake warudi nyuma na yeye akaondoka. Alikuwa hodari wa kuongoza kikosi, si wa kuongoza jeshi. Ni sajini mzuri aliyepewa majeshi ya dola nzima.

Afande Mstaafu:
Mwalimu, naona umeamua kuwatukana masajini, watu ambao bila wao hakuna jenerali anayefika popote. Nimevaa sare sehemu kubwa ya maisha yangu, na nina hakika aliyeandika maneno hayo hajawahi kushika kitu kizito kuliko chaki. Nikueleze kilichowaua Waaustria. Askari wao alibeba bunduki ya Lorenz, ambayo kwa lugha yetu ni gobore lenye shabaha nzuri: husimama, humwaga baruti kwenye mdomo wa mtutu, hushindilia risasi kwa mti wa chuma, huweka fataki, ndipo hulenga. Mprussia mwenye bunduki ya sindano ya Dreyse analala kifudifudi nyuma ya tuta, anafungua kitasa, anasukuma risasi kwa nyuma, anafunga, anafyatua, na kichwa chake hakijainuka. Sasa mwambie huyo wa kwanza amvamie huyo wa pili kwa singe, kwa safu zilizosongamana, kama walivyofundishwa baada ya kushindwa na Wafaransa mwaka 1859. Hata pale Trautenau tarehe 27 Juni, ambako Jenerali Gablenz wa Austria alishinda, Austria ilipoteza karibu watu 5,000 na Prussia hawakufika 1,500. Ushindi wa namna hiyo ukiupata mara tatu, huna jeshi.

Mwalimu wa Zamu:
Chaki nimeishika na siioni aibu. Ila nakuuliza, Afande, ni nani aliyeendelea kuamuru mashambulizi ya singe? Na mizinga ya Austria ilikuwa bora kuliko ya Prussia, jambo ambalo umelipita kimya kimya. Sikuwatukana masajini, nilisema kila cheo kina kazi yake, na anayesoma kwa hasira husoma nusu.

Msomaji wa Ramani:
Samahani, wazee wangu. Mnapigana juu ya masajini wakati vita yenyewe ya tarehe 3 Julai hamjaigusa. Benedek alipanga safu yake juu ya vilima vya Lipa na Chlum, na mizinga yake ilifanya kazi vizuri sana asubuhi ile, hata Waprussia waliotoka magharibi wakakwama. Kilichoharibu ni ubavu wa kulia. Majenerali wa Austria upande ule, Festetics, kisha Mollinary aliyeshika nafasi yake baada ya Festetics kujeruhiwa, na Thun naye, waliacha nafasi walizopangiwa, wakaingia kupigania msitu wa Swiepwald, wakamaliza vikosi vizima humo ndani. Benedek aliwaamuru warudi mahali pao. Walipoanza kurudi, muda ulikuwa umekwisha: jeshi la Mwanamfalme lilikuwa limefika kutoka kaskazini na kukuta upande ule uko wazi. Alasiri, Gadi ya Prussia, kikosi teule cha mfalme wao, ikaiteka Chlum, nyuma kabisa ya kitovu cha jeshi. Ofisa wake Neuber alipomletea habari, Benedek alimkemea kwamba anasema upuuzi, kisha akapanda farasi kwenda kuangalia mwenyewe, akapokewa kwa risasi. Makosa ya makamanda wake yapo, lakini mkuu anayeambiwa na watu wake kwamba kijiji cha nyuma yake kimetekwa naye akawakatalia, huyo alishapoteza habari za uwanja wake mwenyewe.

Mpita Njia:
Mnamtetea mtu ambaye baada ya kipigo alimpelekea Kaisari telegramu ya kulia aombe amani. Jenerali gani huyo?

Msomaji wa Ramani:
Si baada. Telegramu ile ni ya tarehe 1 Julai, siku mbili kabla ya Königgrätz, nayo ilimsihi Kaisari afanye amani kwa gharama yoyote kwa sababu maafa ya jeshi hayaepukiki. Kaisari Franz Joseph alijibu kwamba amani haiwezekani, na kwamba kama hakuna budi jeshi lirudi nyuma kwa utaratibu. Mwisho wa jibu hilo msaidizi wake Crenneville akaongeza swali: je, pigano limeshafanyika? Jenerali anayesoma swali kama hilo kutoka Vienna anaelewa anachotakiwa kufanya.

Mpita Njia:
Kabla au baada, kulia ni kulia.

Mleta Mada:
Bwana Mpita Njia, angesikilizwa siku ile, watu wapatao 44,000 ambao Austria iliwapoteza Königgrätz, karibu nusu yao mateka, wangekuwa hai au huru. Tena tazameni alivyofanyiwa baadaye. Uchunguzi dhidi yake, mnadhimu wake mkuu Henikstein na Krismanić ulisimamishwa kwa amri ya Kaisari. Mwezi Novemba Albrecht akamfuata Graz, akamtaka aahidi kwa maandishi kwamba hatajitetea hadharani, naye akaahidi. Tarehe 8 Desemba gazeti la serikali, Wiener Zeitung, likachapisha makala ya kumvunjia heshima mbele ya dola nzima, wakijua hawezi kujibu. Alinyamaza mpaka alipokufa mwaka 1881, na akaagiza azikwe bila heshima za kijeshi na bila sare.

Afande Mstaafu:
Huyo ndiye askari.

Mwalimu wa Zamu:
Huyo ni mtu aliyefunga ushahidi. Kama alikuwa na la kusema juu ya bunduki, juu ya bajeti, juu ya Albrecht, wazazi waliopoteza watoto walistahili kulisikia. Mnaita heshima kwa sababu mmezoea amri. Ahadi aliyoitoa kwa mkuu wake iliwalinda wakuu tu, na kwa hilo naye alishiriki kuficha.

Afande Mstaafu:
Alikuwa ametoa neno lake kwa maandishi, Mwalimu. Waliolivunja upande wao ni Vienna, na wewe badala ya kuwalaumu wao unamlaumu aliyelitunza. Hayo ndiyo maadili unayofundisha watoto wa watu?

Mleta Mada:
Mtuache watoto nje, tafadhali. Swali langu kwa Mwalimu ni moja. Clam-Gallas, kabaila mkubwa wa Bohemia, alipigwa Gitschin tarehe 29 Juni, akapelekwa mahakama ya kijeshi, akasikilizwa, akatoka bila hatia. Kwa nini kabaila alipata mahakama na mtoto wa daktari akapata makala ya gazeti?

Mwalimu wa Zamu:
Swali la Clam-Gallas ni halali na nitalijibu kwa kirefu. Kwanza Afande aondoe kauli yake juu ya maadili ninayofundisha.